Ya Kupita na ya Kusimama

Lugoba haina stesheni. Mji huo mdogo wa wilaya ya Bagamoyo umekaa juu ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, na kila kikubwa kinachoufikia hufika kwa magurudumu ya mpira: mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha, malori ya mizigo ya bara, na zaidi ya yote malori ya kokoto, kwani miamba ya Lugoba ndiyo iliyopasuliwa miaka na miaka ili Dar es Salaam ipate kujengwa. Reli ipo, lakini iko mbali na macho. Kusini imelala Reli ya Kati. Mashariki, baina ya Lugoba na bahari, imepita reli ya kiungo itokayo Ruvu hadi Mruazi, iliyofunguliwa mwaka 1963 ili kuiunganisha Reli ya Kati na ile ya Tanga. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo honi yake huwaamsha watu wa Lugoba.

Kwa sababu hiyo mtu wa Lugoba hapandi treni kwa mazoea. Mkazi wa Morogoro, Dodoma au Tabora hukua akiisikia, akaijua saa yake kama ajuavyo saa ya sala. Wa Lugoba hana budi kuiendea. Hana budi kwanza kupanda gari, kisha kuamua aelekee wapi ili akutane nayo, na uamuzi huo humlazimisha kujiuliza jambo ambalo wasafiri wengi hawajiulizi: kwa nini treni, na kwa nini treni hii?

Si swali geni katika nchi hiyo. Kabla ya reli, njia za huko zilikuwa za miguu, na Bagamoyo ndiyo iliyokuwa mlango wake. Misafara iliyokusudia Ujiji ilitumia miezi mitatu au zaidi, na mwenye msafara alichagua njia kwa kupima maji, chakula, hongo na usalama. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliandika safari yake ya Udoe hadi Uzigua, nayo ikachapwa katika kitabu cha Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Nchi aliyoieleza ndiyo hiyo hiyo ambayo leo basi la Tanga huimaliza abiria akiwa bado hajamaliza kumenya chungwa lake. Kwa msafiri wa zama zile, kupita mahali kulikuwa ni kuonana na mahali. Alilala hapo, akasalimiana na wenyeji, akajua jina la mto kwa kuuvuka.

Wajerumani walipoanza kuijenga Reli ya Kati mwaka 1905, hawakuianzia Bagamoyo, bali Dar es Salaam. Reli ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Bagamoyo ikabaki na magofu yake, misikiti yake na mashairi yake, na watu wa nyuma yake, Wakwere, Wazigua na Wadoe, wakabaki na barabara. Tangu hapo, kwa muda wa karibu karne nzima, aliyetaka kwenda bara kwa reli hakuwa na treni ya kuchagua. Ilikuwepo moja. Alichochagua ni daraja: la kwanza kwa wenye vyeo, la pili kwa wenye nafasi, la tatu kwa waja wote wa Mungu. Waliokwenda Dodoma, Tabora, Mwanza na Kigoma waliondoka pamoja, wakachelewa pamoja, na ilipofika siku mbaya, wakafa pamoja.

Siku hiyo mbaya ilikuwa Jumatatu, tarehe 24 Juni 2002. Treni ya abiria iliyokuwa imetoka Dar es Salaam, ikiwa na watu zaidi ya 1,200, ilishindwa na mlima karibu na Igandu, mkoani Dodoma. Ikarudi nyuma, ikashika kasi bila ya wa kuizuia, ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu 281 walifariki. Wapo waliotambuliwa na jamaa zao wakachukuliwa makwao. Na wapo ambao hawakutambulika, wakazikwa pamoja mjini Dodoma.

Miongoni mwa wajane wa siku ile alikuwamo mwanamke mmoja wa Lugoba. Mumewe alikuwa fundi mwashi, akiitwa huku na huko penye kazi, na safari ile alikuwa akienda Tabora kujenga nyumba ya mtu. Kaka wa mwanamke huyo alikwenda Dodoma kumtafuta shemeji yake. Akakaa siku nne, akarudi bila ya maiti na bila ya kanzu, akiwa na neno moja tu: kwamba wale wasiojulikana wamezikwa, na wamesaliwa. Mwanamke akakaa eda miezi minne na siku kumi kwa ajili ya mume ambaye hakumwona akiwa maiti. Akamaliza, akaoga, akaendelea kulea. Kwa miaka ishirini na miwili hakupanda treni, wala hakuona haja ya kueleza kwa nini.

Mwaka 2024 mambo mawili yalikutana. La kwanza ni kwamba mwanamke huyo, aliyekwisha kuwa bibi wa wajukuu saba na mwenye magoti yanayolalamika, alianza kusema waziwazi kwamba hataki kufa kabla ya kulizuru kaburi lile. La pili ni reli mpya. Tarehe 14 Juni 2024 treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro; na mwezi uliofuata, tarehe 25 Julai, zikafika Dodoma. Nauli ya treni ya kawaida kutoka Dar es Salaam ilipangwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na shilingi 31,000 hadi Dodoma. Safari ambayo kwa treni ya zamani ilimaliza usiku mzima na sehemu ya mchana, na kwa basi ilikula saa nane au tisa, sasa ilikuwa ya saa nne au pungufu.

Mjukuu wake wa kike, mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma pamoja na ofisi yake, ndiye aliyempigia simu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Hujambo huko ugogoni?"

"Sijambo. Bibi, njoo sasa. Treni ipo, na ni nzuri. Nitakukatia tiketi kwa simu. Utapanda ile ya haraka, Dar es Salaam hadi huku. Utakaa kama umekaa kwenye kochi."

Bibi hakukataa wala hakukubali. Aliuliza tu kama treni hiyo inapita Igandu. Mjukuu akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba inapita, lakini ile ya haraka haisimami huko. "Wala hutahisi, Bibi. Ukifumba macho kidogo, umeshapita."

"Ahsante," akasema bibi. "Niache nifikiri."

Watu wengi wangedhani hapana la kufikiri. Lakini kwa mtu atokaye Lugoba njia zilikuwa nne, na kila moja ilikuwa na hoja yake. Ya kwanza ilikuwa basi. Angeshuka Chalinze, akapanda basi la Dodoma, akafika jioni bila ya kuigusa reli kabisa. Barabara hiyo, ikishatoka Morogoro, huelekea Dumila na Gairo, mbali na Kilosa na Gulwe zilikopita reli. Hata jina la Igandu asingelisoma kwenye kibao. Ya pili ilikuwa kurudi nyuma hadi Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 100 kuelekea pwani, ili apande treni ya haraka itakayompeleka bara. Ya tatu ilikuwa kwenda Morogoro na kuipanda treni ya kawaida hapo. Ya nne ilikuwa Ngerengere, ambayo kwenye ramani iko jirani na Chalinze, lakini iko kando ya barabara kuu, na mtu mzima mwenye magoti mabovu haendi kusubiri mahali ambapo hana ndugu.

Kisha kulikuwa na suala la treni yenyewe. Ile ya kawaida husimama katika stesheni za njiani. Ile ya haraka hazijali. Mwanzoni mwa Novemba 2024 ikaongezeka na ya tatu, ile yenye kichwa kilichochongoka mbele na nyuma, ambayo watu hawakuchelewa kuipa jina la Mchongoko. Hivyo, katika muda wa miezi michache, mtu aliyekuwa hana treni ya kuchagua akajikuta na treni za kuchagua, na kila jirani wa Lugoba aliyewahi kufika Dodoma akawa mshauri.

Huko India uchaguzi wa namna hii ni jambo la siku zote. Wapo watu wa pwani na visiwani waliokwenda kutibiwa huko, na waliporudi walisimulia, pamoja na habari za madaktari, habari za treni. Baina ya Bombay, ambayo sasa huitwa Mumbai, na Delhi ni karibu kilomita 1,400 za reli, na msafiri hukuta treni nyingi kwa siku moja, kila moja ina jina lake na hadhi yake. Rajdhani, ambayo jina lake maana yake ni mji mkuu, ilianza kati ya Delhi na Howrah mwaka 1969, na kati ya Bombay na Delhi mwaka 1972. Hiyo ndiyo inayopishwa na nyingine, ina vyumba vya ubaridi na stesheni chache za kusimama. Zipo na za taratibu, zinazosimama kila penye watu, na nauli zake ni nafuu. Mhindi anapouliza "unapanda ipi?" anauliza mambo mengi kwa pamoja: una haraka gani, una fedha kiasi gani, unataka kulala au kutazama, na je, kuna mahali njiani panapokuhusu?

Swali hilo la mwisho ndilo lililokuwa la bibi wa Lugoba. Washauri wake wote walimjibu yale matatu ya kwanza. Walimweleza kasi: kwamba treni hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Walimweleza upana: kwamba reli ya zamani ina mita moja baina ya chuma na chuma, na mpya ina milimita 1,435, kwa hiyo haiyumbi. Walimweleza mahandaki yaliyotobolewa milimani upande wa Kilosa, ambako reli ya zamani ilizoea kuchukuliwa na mafuriko ya mto Mkondoa. Yote hayo yalikuwa kweli, na yote aliyasikiliza kwa adabu.

Mtu pekee aliyemuuliza anachoogopa alikuwa mjukuu wake wa kiume, dereva wa lori la kokoto, aliyepewa jina la babu yake. Alikuja jioni moja, nguo zikiwa nyeupe kwa vumbi la mawe, akakaa kwenye mkeka.

"Mume wangu," bibi akamwambia, kama alivyozoea kumtania, "wewe unajua magari. Niambie, gari huwezaje kurudi nyuma lenyewe?"

Kijana akajua mara moja ni gari gani linaloulizwa. Hakucheka. Akamweleza kwamba katika lori lake hewa ndiyo inayofungua breki ya kuegesha, na springi ndiyo inayofunga. Hewa ikiisha, lori hujifunga lenyewe, hata likiwa na tani ngapi za mawe. Treni nayo, akasema, ina bomba la hewa lipitalo behewa kwa behewa. Bomba likikatika, breki hushika. Lakini breki hizo hushika kwa hewa iliyohifadhiwa katika matangi ya mabehewa, na treni ya namna ile ikikaa mlimani muda mrefu, na hewa ikavuja, kushika kwake hulegea. Ndiyo maana haiachwi mlimani kwa hewa peke yake. Hufungwa kwa mkono, na huwekewa vizuizi.

"Na hii mpya?"

"Hii mpya, Bibi, sijaifungua mimi. Wanasema imefanywa vizuri zaidi, nami naamini. Lakini siwezi kukuapia kitu ambacho sijakishika."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Kati ya maneno yote aliyoambiwa katika miezi ile, hayo ndiyo yaliyomtuliza. Hofu ya mtu mzima haiondolewi kwa kuambiwa kwamba hakuna la kuogopwa. Hupungua pale mtu anapoambiwa kwa ukweli kitu kinavyofanya kazi, mpaka wapi kinaweza kutegemewa, na mpaka wapi msemaji mwenyewe anajua. Hapo mwenye hofu hupata mpaka wa kuiwekea hofu yake, nayo hukaa ndani ya mpaka huo.

Lakini hofu ya ajali haikuwa ndiyo iliyomzuia kuamua. Akiisha kupata jibu la breki, bado alibaki na jambo lililo gumu zaidi, na hilo alilisema mwenyewe alipompigia mjukuu wake wa Dodoma.

"Mke mwenzangu, umeniambia nitafumba macho na nitakuwa nimepita. Mimi nimepita pale miaka ishirini na miwili. Kila siku napita. Sitaki kupita tena."

"Sasa unataka nini, Bibi?"

"Nataka ile inayosimama."

Ni vigumu kwa kijana kulielewa ombi kama hilo, na si kosa lake. Kizazi chake kimelelewa kuamini kwamba kasi ni heri yote, na kwa kweli kasi ni heri kubwa. Mgonjwa anayepelekwa hospitali anaihitaji. Mfanyabiashara mwenye samaki anaihitaji. Mama aliyeacha mtoto mchanga nyumbani huihesabu kwa dakika. Hata huzuni wakati mwingine huhitaji kupitishwa haraka, kama mtu anayevuka mto wenye mamba. Ila ipo huzuni ambayo tangu mwanzo haikupewa nafasi ya kusimama. Aliyemwona maiti wake, akamwosha, akamsindikiza, akatupa udongo kwa mkono wake, huyo amesimama. Asiyemwona hubaki safarini. Kumpakia katika treni ipitayo mbio mahali pale, hata iwe na kiti laini namna gani, ni kumrefushia safari hiyo.

Kwa hiyo tiketi ikakatwa ya treni ya kawaida, ya mchana, kutoka Morogoro, kiti cha dirishani. Mjukuu wa kiume akaomba ruhusa ya siku tatu ili amsindikize. Mizigo ikabishaniwa sana. Bibi alitaka kuchukua mananasi ya Kiwangwa, kwa kuwa haiwezekani mtu wa Lugoba aende kwa jamaa mikono mitupu. Mjukuu akamwonya kwamba mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi na hupimwa. Wakakubaliana mananasi manne. Kitambulisho kikatafutwa na kupatikana ndani ya msahafu, mahali alipokificha ili kisipotee.

Walitoka Lugoba alfajiri. Morogoro walikuta stesheni ambayo bibi aliiona kubwa kuliko safari yenyewe: sakafu ya kung'aa, ngazi zinazopanda zenyewe, ambazo alizikataa, na watumishi vijana waliomwita Mama na kumshika mkono. Treni ikaja bila ya moshi na karibu bila ya sauti. Hilo lilimshangaza kuliko kasi. Treni aliyoikumbuka yeye, ile aliyoipanda mara moja tu akiwa bibi arusi kwenda kwa mashemeji, ilijitangaza mbali kama mwenye deni lake.

Safari ilikuwa kama walivyoisimulia. Milima ya Uluguru ikabaki nyuma, mbuga ya Mkata ikafunguka, Kilosa ikaja na mahandaki yake, ambamo kila mara mwanga ulipokatika bibi alimshika mjukuu wake kifundo cha mkono na kumwachia mwanga uliporudi. Baadaye nchi ikabadilika. Kijani kikapungua, udongo ukawa mwekundu, mibuyu ikasimama mmoja mmoja. Wakapita Gulwe. Kutoka hapo hakuzungumza.

Sauti ya kwenye behewa ilipotaja Igandu, treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Hakuna aliyeteremka katika behewa lao. Ng'ambo ya dirisha kulikuwa na jukwaa safi, uzio, na nyuma yake pori la Ugogo lililotulia katika jua la mchana. Hapakuwa na chochote cha kuonyesha. Bibi aliinua mikono miwili, akasoma Fatiha, akaipangusia usoni. Kijana naye akasoma. Abiria wa kiti cha mbele, mtu wa makamo asiyewajua, aligeuka, akaona, akavua kofia yake na kuiweka magotini bila ya kuuliza. Treni ikaondoka. Kusimama kwenyewe kulikuwa kwa muda mfupi tu, muda ambao katika hesabu ya ratiba ni hasara ndogo inayowafanya wenye haraka waipende treni ya haraka.

Kesho yake asubuhi mjukuu wa kike aliwapeleka makaburini. Bibi alisimama kwa muda mrefu mbele ya udongo ule uliowakusanya watu wa makabila na dini mbalimbali, akawaombea wote, kwa maana hakujua wake yuko upande gani. "Huwezi kumwombea mmoja hapa," akasema. "Wamekaa pamoja kama walivyosafiri." Kisha akauliza kama kuna mahali pa kupata maji ya kunyweshea mti uliokuwa karibu, akapewa ndoo, akaumwagilia. Alikaa Dodoma siku mbili, akala zabibu za huko, akalalamika juu ya upepo.

Siku ya kurudi, mjukuu wa kike alitaka kumkatia tena treni ya kawaida, akidhani amekwisha kuelewa. Bibi akakataa. Alitaka ile ya haraka, moja kwa moja hadi Dar es Salaam, akalale kwa binti yake kabla ya kurudi Lugoba.

"Si ulisema hutaki kupita, Bibi?"

"Hiyo ilikuwa kwenda. Nimekwisha simama. Sasa magoti yananiuma, nataka kufika."

Alilala njia nzima. Kijana aliyeketi pembeni yake ndiye aliyeiona Igandu ikipita, jina lake likisomeka nusu tu kwenye kibao kwa sababu ya kasi. Hakumwamsha.

Tangu hapo, katika Lugoba, bibi huyo amekuwa mtu wa kuulizwa habari za treni, ijapokuwa amezipanda mara mbili tu tangu uzeeni mwake. Wanawake wanaokwenda kuwaona watoto wao, wastaafu wanaofuatilia mafao yao, wanafunzi wanaokwenda vyuoni Dodoma, wote humjia kuuliza: ipi ni bora, ya kawaida au ya haraka, ya Morogoro au ya Dar es Salaam, ama basi la Chalinze lililozoeleka? Wanatarajia awatajie nauli na saa. Nauli na saa huwaachia wajukuu, maana hizo hubadilika. Yeye humkaribisha mgeni akae, humpa maji, kisha humuuliza kwanza anakwenda kwa nani.